Yuko, Yupo, Yumo

Mwalimu amwuliza mtoto wa mwaka wa kwanza, huku kwetu Vuhovi: "Mama yako yu wapi?" Mtoto ajibu upesi: "Iko mu nyumba." Wenzake wakubwa wacheka. Mwalimu naye, badala ya kuwanyamazisha, amkaripia mdogo huyo: "Sema nyumbani!" Mtoto ainamisha kichwa, na siku ile hafungui kinywa tena. Sisi walimu tumelifanya kosa hili mara nyingi kwa kutojua. Yatupasa kulitazama.

Mtoto yule hakubuni neno lake. Kinande, lugha tuliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama, huweka alama ya mahali mbele ya jina. Juu ya meza ni *oko mesa*. Kijijini ni *omo mulongo*. Tena kitenzi hufuata mahali: baada ya *oko* huanza na *kw-*, baada ya *omo* huanza na *mw-*. Kiswahili cha Kongo chafuata njia iyo hiyo: mu nyumba, ku soko, pa mlango.

Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja, na ambacho Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kukisimamia mwaka 1930, hutia *-ni* mwishoni mwa jina. Lakini *mu*, *ku* na *pa* hazikufa. Zimehamia tu mahali pengine katika sentensi. Twasema: sokoni kuna watu, mlangoni pana mbwa, chunguni mna maharage. Twasema pia: nyumbani kwangu, nyumbani pangu, nyumbani mwangu. Kumbe mtoto wa Vuhovi amekuja shuleni na ufunguo mkononi, nasi twamnyang'anya!

Mataifa mengine nayo yana njia zao. Waigbo wa Nigeria hutumia neno moja, *na*, kwa mahali pote, kisha huongeza jina: *elu* ni juu, *ime* ni ndani, hivyo husema *n'elu*, *n'ime*. Lakini katika kitenzi hutenganisha kiumbe hai na kitu: mtu *nọ*, kitabu *dị*. Mgeni ajifunzaye Kiigbo hukosea hapo, kama mtoto wetu akoseavyo katika *-ni*. Wala si mjinga.

Jambo hili si la daftari tu. Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 na kwisha Juni 2020 iliigusa hata Vuhovi. Katika siku kama zile, muuguzi aulizapo mgonjwa yu wapi, jibu "nyumbani" peke yake halimtoshi. Je, yumo, yaani ndani ya nyumba hii? Yupo, yaani hapa hapa karibu? Au yuko, huko kwingine, labda kwa shangazi ng'ambo ya mto? Herufi moja yaweza kumpeleka muuguzi kwenye mlango ulio sawa, au kumpotezea siku nzima.

Basi, walimu wenzetu, tufanye hivi. Tutwae kikapu na punje ya haragwe. Tuitie ndani: "Kikapuni mna haragwe." Tuiweke pembeni: "Haragwe lipo karibu na kikapu." Kwanza watoto waseme kwa Kinande, kisha kwa Kiswahili, wapate kuona wenyewe kwamba *omo* na *mna* ni ndugu. Tuwakumbushe pia kwamba majina ya miji hayatiwi *-ni*: twaenda Butembo, twatoka Beni. Na kwa mtu twasema *kwa*: kwa mwalimu, kwa bibi.

Nanyi wazazi, jioni mnapokaa jikoni, waulizeni watoto jembe li wapi, mbuzi yu wapi, ndugu yao yu wapi. Wakikosea, wasahihisheni kwa upole. Mtoto aliyechekwa hunyamaza, na mtoto anyamazaye hawezi kutuambia mgonjwa yuko wapi.