Mapezi na Kutu

Tarehe 15 Juni 1957, wakazi wa mji wa Tulsa, katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani, walipokuwa wakiadhimisha nusu karne ya jimbo lao, waliteremsha ndani ya shimo lililojengewa kuta za zege, mbele ya jengo la mahakama, motokaa mpya kabisa ya aina ya Plymouth Belvedere, yenye rangi ya dhahabu na nyeupe, iliyofunikwa gubigubi mithili ya maiti aliyevishwa sanda. Pamoja nayo walitia petroli na mafuta ya injini, kwa kuchelea kwamba watu wa mwaka 2007 huenda wakawa hawaijui tena petroli, wakatia na orodha ya makisio ya idadi ya watu watakaokuwamo mjini mwaka huo, maana motokaa iliahidiwa kuwa hiba ya yule ambaye kisio lake lingeikaribia kweli kuliko wenziwe. Zege lile lilisifiwa kuwa lingestahimili hata bomu la atomiki. Miaka 50 ilipotimia na shimo likafunuliwa mbele ya halaiki, ilidhihirika kwamba bomu halikuja, bali maji yalikuja, yakaingia na kukaa humo kwa miaka isiyojulikana, na kilichotolewa ni gofu jekundu la kutu.

Kisa hiki hukijua karibu kila mpenzi wa motokaa za Kimarekani zenye mapezi, na ukikitaja mbele yake atakunja uso kama mtu aliyekumbushwa msiba wa nyumbani.

Mapezi yenyewe, yaani yale mabawa ya bati yaliyosimama juu ya mabega ya nyuma ya motokaa mfano wa mapezi ya samaki, yana nasaba inayojulikana. Harley Earl, aliyeongoza idara ya usanifu wa maumbo katika kampuni ya General Motors tangu mwaka 1927, alipata fursa, kabla nchi yake haijaingia katika Vita Vikuu vya Pili, ya kwenda na wasanifu wake kuitazama ndege mpya ya kivita, Lockheed P-38, ambayo nyuma yake iligawanyika mikia miwili, na kila mkia ulikuwa na pezi lake. Taswira ile ikamganda akilini hata vita vilipokwisha, ndipo katika Cadillac ya mwaka 1948 yakachomoza mapezi mawili madogo, kana kwamba yanaona haya, ambayo leo mtu asiyeambiwa angeweza kupita asiyatambue. Chini ya taa ya pezi la kushoto walificha mdomo wa tangi la petroli: taa yenyewe huinuliwa kama kifuniko cha birika, na asiyeijua siri hiyo huweza kuizunguka motokaa nzima, mpira wa pampu mkononi, asione pa kutilia mafuta.

Mshindani wake, Virgil Exner wa kampuni ya Chrysler, hakuwa na haya yoyote. Kwa mwaka 1957 alitoa motokaa zilizoinama mbele na kuinuka nyuma, zenye mapezi yaliyopaa hadi ukingoni mwa buti, na kampuni yake ikadai kwamba mapezi hayo huizuia motokaa isiyumbishwe na upepo wa ubavuni, dai ambalo, kwa mwendo wa kawaida wa barabarani, mimi siliamini sana. Msanifu mmoja kijana wa General Motors, Chuck Jordan, alizichungulia kupitia uzio mwaka 1956, kabla hazijaingia sokoni, akarudi hima kuwapasha habari wenziwe, na michoro iliyokwisha kuandaliwa kwa ajili ya mwaka 1959 ikatupwa. Tunda la fadhaa hiyo ni Cadillac ya mwaka 1959: urefu wake mita 5 na sentimita 71, uzito wake zaidi ya tani 2, injini yake ya silinda 8 yenye ujazo wa lita 6.4, na nyuma yake mapezi yaliyochongoka kuelekea mbinguni, kila moja limepachikwa taa mbili nyekundu zilizochongwa kama risasi za bunduki. Wako wanaoiita kilele cha ufundi, na wako wanaoiita israfu tupu. Nami nasema yote mawili ni kweli. Baada ya hapo mapezi yakapunguzwa mwaka hata mwaka, na ilipofika 1965 zama zake zilikuwa zimekwisha.

Jambo ambalo aghalabu husahauliwa ni kwamba vyombo hivi havikuundwa vidumu. Earl na wenziwe walibadili sura ya motokaa kila mwaka kwa makusudi, ili aliyenunua mwaka jana aione yake imepitwa na aitamani ya mwaka huu. Na hizo Chrysler za 1957, kwa kuwa zilitolewa kwa haraka, zilivuja mvua na kushika kutu mapema mno, hata zikaharibu sifa ya kampuni. Kwa hiyo watu wa Tulsa, ambao Plymouth yao ilikuwa zao la kampuni hiyo hiyo ya Chrysler, bila ya kujua, walichagua kuzika chombo kilichokuwa kikikaribisha kutu hata juu ya ardhi. Na mtu wa leo anayetumia miaka 10 au 20 kuirudishia uhai motokaa ya namna hii anashindana na azma ya wale wale walioiunda, ambao hawakutaraji kamwe kwamba mjukuu wa mnunuzi angelala chini ya sakafu yake akikwangua matope yaliyoganda tangu zama za Rais Eisenhower.

Mnunuzi wa leo mwenye hekima haanzi kwa bisibisi, huanza kwa sumaku. Huifunga katika kitambaa laini ili isichubue rangi, akaipitisha polepole chini ya milango, pembezoni mwa magurudumu na kandokando ya buti. Inaposhika, pana chuma, na inapoteleza, pana puti iliyopakwa na fundi wa zamani ili kuficha tundu. Walakini asiwe mwepesi wa kuhukumu, maana hata kiwandani maungio kadhaa ya bodi yalizibwa kwa madini ya risasi, ambayo nayo sumaku haiyajali. Kisha hufunua zulia na kutazama sakafu, huingia uvunguni na kuigongagonga chasisi, na mwisho hutafuta kile kibati kidogo kilichopigiwa ribiti karibu na injini, ambacho huandikwa tarakimu za rangi ya awali na za kitambaa cha viti. Nimeshuhudia watu wazima wakishangilia kibati hicho kuliko injini.

Motokaa ikishanunuliwa, huvunjwavunjwa. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa kufungua ni kazi ya wikiendi mbili na kufunga ni kazi ya miaka, na asiyetia kila bolti katika mfuko wenye jina lake, akapiga picha kila waya kabla ya kuuchomoa, atajikuta baada ya muda ana mafungu ya vyuma asivyovitambua. Kutu hukatwa na bati jipya huchomelewa. Lakini ole wake anayekata sakafu ya motokaa isiyo na paa la chuma kabla ya kuchomelea nondo za muda kutoka nguzo hadi nguzo ya mlango, maana bodi hulegea katikati kama ngalawa iliyovunjika mkuku, na milango haifungi tena.

Lakini linalokausha mfuko kuliko yote ni ule mng'ao. Zama zile zilipenda kromi kama bibi harusi wa pwani apendavyo dhahabu, nayo kromi yenyewe ni utando mwembamba usiofikia sehemu moja ya elfu ya milimita; uzuri wote umo katika tabaka zilizo chini yake. Bampa hutiwa kwanza katika tindikali ili kuvuliwa mng'ao wa kale, likanyooshwa kwa nyundo, likasuguliwa, likapakwa shaba kwa nguvu ya umeme, likapigwa msasa, likarudishwa tena katika shaba mpaka vishimo vyote vijae, kisha likatiwa nikeli, ambayo ndiyo hasa inayong'aa, na mwisho kabisa kromi, ambayo kazi yake ni kuilinda nikeli isififie. Vipambo vidogo, kama nembo na mikono ya milango, vina mashaka zaidi, kwa kuwa viliundwa kwa zinki ya kumimina, ambayo uzeeni hutoka malengelenge kama ngozi iliyoungua. Kila lengelenge hutobolewa, likasafishwa na kuzibwa moja moja, na uso wa pambo lisilozidi kiganja cha mtoto huweza kula siku kadhaa za fundi.

Injini si tatizo kubwa kama wengi wadhaniavyo. Ni ya chuma kizito, haina kompyuta, na makanika yeyote anayeifahamu kabureta ataielewa kabla ya adhuhuri. La kuangaliwa ni vikalio vya vali, vilivyozoea petroli yenye risasi, ambayo Marekani iliipiga marufuku kwa magari ya barabarani tangu mwaka 1996. Wenye hadhari huvibadilisha kwa vikalio vya chuma kigumu. Breki nazo zina silinda kuu moja tu kwa magurudumu yote manne, yaani likipasuka bomba moja zote zimekwenda, na mikanda ya usalama aghalabu haimo. Anayekataa kuifunga kwa hoja ya kulinda asili, na aendeshe peke yake.

Spea hutafutwa kama watu wa kale walivyotafuta hati za ukoo. Kila Oktoba, katika mji wa Hershey jimboni Pennsylvania, chama cha wapenzi wa motokaa za kale cha Marekani, kilichoasisiwa mwaka 1935, huandaa gulio ambalo limekuwapo tangu 1955, na humo watu hutembea kutwa kucha wakipekua meza za vyuma vilivyochakaa kwa kutafuta lenzi moja ya taa.

Wapenzi hawa wenyewe kwa wenyewe hawaishi kugombana. Wako wanaosisitiza kila skrubu iwe kama ilivyotoka kiwandani, na wako wanaotia injini na breki za kisasa ndani ya bodi ya kale. Nchini Cuba, ambako vikwazo kamili vya Marekani vya mwaka 1962 viliwakatia watu spea, mjadala huo ni anasa: huko Chevrolet ya 1957 huweza kutembea kwa injini ya dizeli ya chombo kingine na kubeba abiria kila siku, na sioni kwa nini fundi wa Havana ahesabiwe kuwa na heshima pungufu kuliko tajiri anayeipangusa ya kwake gerejini kwa kitambaa cha hariri. Kwa hesabu ya fedha, wote wamepata hasara, maana ni nadra bei ya kuuzia kufikia gharama ya kuitengeneza; anayetafuta faida anunue kiwanja.

Ama ile Plymouth ya Tulsa, mshindi wake alikuwa amekwisha kufariki miaka mingi kabla ya shimo kufunuliwa, ikakabidhiwa jamaa zake, kisha ikapelekwa New Jersey kwa mtengenezaji wa dawa ya kuondoa kutu. Alifanikiwa kuitakasa bodi hata rangi ya dhahabu ikaonekana tena mahali mahali, lakini chasisi ilikuwa imeliwa mno, na kila aliyeombwa kuipokea alisita. Mwaka 2017 ilichukuliwa na jumba la makumbusho katika mji wa Roscoe, jimbo la Illinois, ambako imewekwa kama ilivyo. Injini yake haikupata kuwaka tena.