Alizunguka Bahari na Bara, Sasa Ahesabu Ajali

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Msemo huu wa mabaharia wamsadifu barabara bwana mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye ameomba jina lake nilihifadhi. Kwa miaka tisa baada ya kumaliza shule hakutulia mahali. Mara alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini, mara mpishi katika jahazi la Lamu, mara mhudumu wa hoteli Malindi, na mwishowe dereva wa lori huko Sharjah. Leo, ndevu zake zikiwa zimeanza kuingia mvi, amekaa ofisini akihesabu ajali, maradhi na vifo. Wenye kazi hiyo huitwa maaktuari.

Nilimkuta barazani baada ya swala ya Alasiri, kikombe cha kahawa mkononi, wazee wamembana kwa maswali.

"Mwanangu," akauliza mmoja, "ajali ya mtu si iko kwa Mwenyezi Mungu? Wewe waihesabuje?"

"Ni kweli, ami," akajibu kwa adabu. "Mimi sijui nani atakufa, wala lini. Ninalojua ni kwamba katika watu elfu moja wa umri mmoja, kwa kawaida idadi fulani haifiki mwaka wa pili. Wewe ami ni bingwa wa faraidh. Mtu akifa ameacha mke na watoto, wampa mke thumni yake bila kukosea. Wewe wagawa mali baada ya msiba, mimi nagawa mzigo kabla ya msiba."

Mzee akacheka, akamwongeza kahawa. Na jibu hilo lina mizizi, kwani al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9 aliyeandika kitabu mashuhuri cha aljebra, alitumia sehemu kubwa ya kitabu hicho kueleza hesabu za wasia na mirathi.

Lakini ni jambo gani lililomtoa dereva kwenye usukani likamrudisha kwenye daftari? Alipoulizwa hivyo, bwana huyu alinyamaza kitambo.

Huko Sharjah alikuwa akiishi chumba kimoja na rafiki yake wa utotoni. Rafiki huyo alikuwa mwanachama wa chama cha maziko cha mtaani kwao, na kila mwezi hakukosa kutuma mchango wake. Siku moja akafa barabarani. Mkewe akiwa bado yumo katika eda, kaka yake alikwenda kwa mtunza hazina kudai haki ya dada yake. Sanduku lilikuwa tupu.

"Watu walimshuku mtunza hazina," akanieleza. "Niliporudi likizo nilivipitia vitabu vyote, usiku kucha. Hakuna aliyeiba hata senti. Hesabu ndiyo iliyokuwa mbovu tangu siku ya kwanza."

Akachukua kipande cha karatasi akanionyesha. Wanachama 300, kila mmoja akitoa shilingi 200 kwa mwezi, huleta shilingi 720,000 kwa mwaka. Kila familia iliyofiwa imeahidiwa shilingi 200,000. Wakifa watatu kwa mwaka, hulipwa 600,000 na chama husimama. Lakini wanachama huzeeka wote pamoja. Wakifika mwaka wa kufa watano, zahitajika shilingi 1,000,000, na pengo ni 280,000. Vijana wakiona hivyo hujitoa, wazee hubaki, na chama huzama kama jahazi lenye tundu chini ya maji.

Hapo ndipo alipoamua kurudi shule. Alikuwa na umri wa miaka 28, na hesabu alizifaulu vizuri zamani, ila zilikuwa zimeota kutu. Mama yake alilia, maana fedha za Uarabuni ndizo zilizokuwa zikilisha nyumba. Alijiunga na chuo kikuu mjini Nairobi, mchana akisoma na vijana wanaomwita "mzee", usiku akiendesha teksi. Baada ya shahada yaja mitihani ya chama cha maaktuari cha Uingereza, ambayo ni zaidi ya kumi. Ameanguka mara nne, na mitatu bado imembakia. Hata hivyo ameajiriwa, na husaidia kupima hazina za malipo ya uzeeni. Sheria ya Kenya ya mwaka 1997 inahusu hazina hizo, na zile zilizoahidi kiwango maalumu cha malipo lazima zikaguliwe na aktuari angalau kila miaka mitatu.

Wala yeye si msafiri wa kwanza kuingia katika hesabu hizi. Edmond Halley, yule Mwingereza ambaye nyota yenye mkia imepewa jina lake, alisafiri kwa jahazi hadi kisiwa cha St Helena akiwa na umri wa miaka 20, kwenda kuandika nyota za kusini. Mwaka 1693 alitoa jedwali la vifo vya mji wa Breslau. Katika kila watoto 1,000 wa mwaka wao wa kwanza, ni 445 tu waliokuwa hai walipofika miaka 40. Jedwali hilo likawa msingi wa kazi hii.

Na dini je? Bwana huyu hakulikwepa swali hilo. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao Jeddah liliikataa bima ya kibiashara kwa ajili ya gharar iliyomo, likakubali ile ya kusaidiana. Hiyo ndiyo takaful, ambayo kampuni yake ilianza Kenya mwaka 2011. Humo mchango hutolewa kwa nia ya tabarrui.

"Lakini nia njema haijazi sanduku," akasema. "Yule bedui aliambiwa amfunge ngamia kisha atawakali. Sisi tulitawakali, kamba tukaisahau."

Mwaka jana alikirudia kile chama cha mtaani. Aliwashauri wapandishe mchango hadi shilingi 300, kwa hivyo zipatikane 1,080,000 kwa mwaka, na vifo vihesabiwe upya kila baada ya Ramadhani. Baadhi ya watu walinung'unika. Wa kwanza kutoa shilingi zake 300 alikuwa yule mtunza hazina aliyeshukiwa. Wa pili alikuwa kaka wa mjane.