Sabufa Ikae Wapi Sebuleni?

Mtu akilalamika kwamba sabufa yake inavuma, au kwamba haina besi, mara nyingi kifaa chenyewe ni kizima. Kinachosumbua ni sebule. Sabufa ileile, wimbo uleule, sauti bila kuguswa, huweza kukutikisa ukiwa kwenye kochi la ukutani na kufifia ukisimama katikati ya chumba. Kabla hujatafuta yenye wati nyingi zaidi, ihamishe uliyo nayo.

Chanzo ni urefu wa mawimbi. Kwenye joto letu sauti husafiri hewani kama mita 345 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutetemeka mara 41 kwa sekunde, yaani Hz 41, hivyo wimbi lake moja lina zaidi ya mita 8. Sebule ya mita 5 kwa 4 haina nafasi hiyo. Wimbi linagonga ukuta, linarudi, linakutana na linalokuja. Mahali pengine yanaongezana nguvu, pengine yanafutana. Nusu ya wimbi ikilingana na umbali wa kutoka ukuta hadi ukuta, chumba chenyewe kinaitikia; huo ndio mwitikio wake wa kwanza. Kwa mita 5 hilo hutokea kwenye Hz 34 hivi, kwa mita 4 kwenye Hz 43. Ndiyo maana ukisikiliza rumba noti moja ya besi inafura na inayofuata inapotea. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi, kwa kuwa pande zote mbili huitikia noti moja, na kuta zetu za tofali za saruji hurudisha ndani karibu besi yote zinayopokea.

Zile trei za mayai ambazo watu hubandika ukutani hazisaidii kitu hapa. Wimbi la mita 8 halina habari na karatasi. Zulia na pazia nazo hutuliza sauti za juu tu.

Sasa, kwenye mwitikio huo wa kwanza wa chumba, mgandamizo wa hewa huwa mkubwa kwenye kuta na karibu na sifuri katikati. Sabufa iliyowekwa konani huchochea kila noti ambayo chumba kinaipenda. Sauti itakuwa kubwa kweli, maana kila ukuta ulio karibu unaweza kuongeza hadi desibeli 6, ila mdundo utakuwa mzito na mchafu. Kona ni ya sabufa dhaifu, au ya siku ya sherehe. Ukiisogeza hadi katikati ya ukuta wa mita 4, ile Hz 43 inakosa pa kushikia. Na kochi lako je? Likiegemea ukuta wa nyuma utapata besi ya kupita kiasi; likiwa katikati kabisa ya chumba utaikosa. Lisogeze mbele kidogo tu utaona tofauti.

Kuna njia ya kupata mahali pazuri bila hesabu yoyote. Weka sabufa juu ya kochi, pale unapokaa. Piga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, kisha inama, kichwa kikiwa usawa wa sabufa ikiwa sakafuni, utembee taratibu kando ya kuta ukisikiliza. Watoto watacheka, waache wacheke. Usitafute panapounguruma kuliko kwingine. Tafuta ambapo kila noti inasikika kwa uzito unaokaribiana. Hapo ndipo sabufa ikae. Njia hii inafanya kazi kwa sababu chanzo cha sauti na sikio vinaweza kubadilishana nafasi na matokeo yakabaki yaleyale, kanuni ambayo wanafizikia Helmholtz na Rayleigh waliieleza tangu karne ya 19.

Kikwazo cha nyumbani ni nyaya. Katika seti nyingi amplifaya imo ndani ya boksi la sabufa na spika ndogo zinachomekwa humo, basi watu huishia kuisukumia chini ya televisheni, ndani ya kabati, ambako mbao zinalia nayo na tundu la hewa linazibwa. Kuongeza urefu wa waya wa spika ni gharama ndogo. Kama sabufa yako ina swichi ya fezi, ya 0 na 180, kaa kwenye kochi, mtu aibadilishe, uchague upande unaotoa besi iliyojaa zaidi.

Wenye uwezo wa kununua mbili waziweke katikati ya kuta zinazotazamana. Todd Welti, mtafiti wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman, alionyesha mwaka 2002 kwamba mpangilio huo husawazisha besi kwenye viti vingi, si kimoja tu.

Kwa wapangaji wanaogawana ukuta na jirani, ningejaribu kwanza nyuma au ubavuni mwa kochi, mbali na ukuta huo. Ukiwa karibu na sabufa unasikia besi ya kutosha hata ukipunguza sauti, na kinachomfikia jirani kinapungua vilevile.