Presha ya oili ikishuka, usikimbilie kupasua injini

Gari likikosa presha ya oili, taa nyekundu humwakia dereva usoni. Pikipiki nyingi za boda boda hazina taa hiyo wala geji. Mwendeshaji hujua mambo yameharibika pale kichwa cha injini kinapoanza kugonga, na mara nyingi hapo kamshafti imeshaanza kulika. Wenzangu wa Pwani hunipigia simu kuniuliza, nami niko huku Eldoret kwenye kazi hii ya spana, kwa hivyo nieleze mara moja sote tusikie.

Mwezi uliopita kijana wa Langas aliniletea Boxer inayogonga juu. Gereji aliyotoka ilimwambia injini ipasuliwe yote, kranki ibadilishwe. Pikipiki yenyewe ni ya mkopo, na siku isipotembea deni halilali. Nikafungua kifuniko cha upande wa klachi, nikatoa chujio la waya. Limejaa vipande vya silikoni, ile gundi ambayo mafundi hupaka badala ya kuweka gasketi mpya. Ikipakwa nyingi, ile inayobanwa kwa ndani hukatika, ikashuka na oili hadi kwenye chujio, na pampu ikakosa cha kuvuta. Kamshafti ilikuwa na mikwaruzo midogo, bado yafaa. Alilipia gasketi, oili mpya na kazi yangu, basi.

Ndio maana nasema anza na cha bei rahisi. Pima oili kwanza: pikipiki isimame wima mahali tambarare, injini iwe imetembea kidogo kisha ikazimwa dakika chache. Kwenye nyingi, kijiti cha kupimia hakikazwi wakati wa kupima, hutumbukizwa tu, lakini soma kitabu cha yako. Hizi injini hubeba lita moja hivi, kwa hivyo ikipungua robo lita si jambo dogo. Ikiwa oili iko sawa, fungua kifuniko cha tapeti, washa injini ingurume polepole, utazame kama oili inafika juu. Isipofika, zima mara moja.

Hapo ndipo unaingia kwenye chujio, kisha pampu. Nafasi kati ya meno ya pampu hupimwa kwa fila geji. Ikishapita kiwango cha kitabu, nunua pampu nyingine. Tazama pia kile kimpira cha mviringo kwenye njia ya oili. Fundi akikisahau wakati wa kufunga, oili huvujia humo humo ndani na hutaona hata tone chini.

Kuna mtindo wa kumimina oili nzito ili kelele inyamaze. Siupendi hata kidogo. Katika 20W-50, ile 20W yaeleza oili ikiwa baridi, na 50 ikiwa moto. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari. Asubuhi ya baridi, oili nzito huchelewa kufika juu, na sekunde hizo chuma husugua chuma. Mombasa kwenye joto na foleni, nyepesi mno nayo haikai. Fuata kitabu. Na oili ya gari iacheni kwenye gari: klachi ya pikipiki huogelea katika oili hiyo hiyo ya injini, na baadhi ya oili za gari huifanya iteleze. Tafuta mkebe ulioandikwa JASO MA au MA2.

Ukishafunga na kujaza oili, usiwashe papo hapo. Toa plagi, switchi ikiwa imezimwa, piga kiki taratibu mpaka uone oili imechomoza kwenye tapeti. Kisha rudisha plagi, washa, iache ingurume bila kuivutia moto. Kesho yake pima oili tena kabla ya kubeba abiria.