Diski ya Tano: Jinsi Safu ya RAID Inavyopanuliwa Ikiwa Kazini

Safu ya diski ni kundi la diski kadhaa ambazo kompyuta huziona kama diski moja kubwa, na kanuni ya kugawanya data baina yake ndiyo inayoitwa RAID, jina lililotolewa na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika andiko lao la mwaka 1988. Hoja yao ilikuwa ya kiuchumi kwa kiasi kikubwa: diski ndogo nyingi za bei nafuu zingeweza kushindana na diski kubwa za gharama zilizotumiwa na kompyuta kuu za wakati ule, mradi ipatikane njia ya kuhimili kufa kwa mojawapo, kwa kuwa diski zinapokuwa nyingi uwezekano wa mojawapo kuharibika nao huongezeka. Walieleza madaraja matano, yaani mipango mitano ya kugawa data na kuilinda, na baadaye yakaongezwa daraja la 0, ambalo halina kinga yoyote, na daraja la 6, ambalo huhimili kufa kwa diski mbili kwa wakati mmoja. Kuchagua daraja siku ya kwanza ni jambo jepesi. Ugumu huanza pale nafasi inapokwisha, diski zikiwa zimejaa data inayotumika mchana na usiku, na msimamizi wa seva akataka kuongeza diski au kuhamia daraja jingine bila kuzima chochote.

Kinga ya daraja la 5, ambalo limetumika sana, hutokana na biti za ziada ziitwazo pariti. Biti tatu zilizo katika diski tatu zikiwa 1, 0 na 1, diski ya nne huandikwa 0 ili jumla ya moja zote iwe shufwa. Diski ya kwanza ikifa, zinabaki 0, 1 na pariti 0, na biti pekee inayoweza kurudisha hali ya shufwa ni 1, ambayo ndiyo iliyopotea. Pariti haikai katika diski moja tu bali huzungushwa kutoka diski hadi diski, ili pasiwe na diski inayobebeshwa kazi yote ya kuandikwa pariti. Kwa mpango huo diski nne za terabaiti 4 kila moja hutoa nafasi ya terabaiti 12, na ya tano ikiongezwa nafasi hufikia terabaiti 16, gharama ya kinga ikiwa ni ujazo wa diski moja katika hali zote mbili.

Kinachofanya nyongeza hiyo isiwe kazi ya dakika chache ni kwamba safu ya kawaida ya RAID haina orodha inayoonyesha kila kipande cha data kilipo. Mahali pa kipande hupatikana kwa hesabu, mfano wa karata zinazogawiwa kwa zamu, ambapo anayejua idadi ya wachezaji anajua pia karata ya kumi iko mkononi mwa nani. Akiongezeka mchezaji mmoja, karibu kila karata inakuwa imekaa pasipo pake. Katika safu ya diski nne, kila ukanda, yaani mstari wa vipande unaokata diski zote, hubeba vipande vitatu vya data na kimoja cha pariti. Kipande namba 10, hesabu ikianzia sifuri, hukaa katika ukanda namba 3, kwa sababu 10 ikigawanywa kwa 3 hutoa 3 na baki 1. Diski zikiwa tano mgawanyo huwa kwa 4, na kipande hichohicho kinatakiwa kiwe katika ukanda namba 2. Kipande namba milioni moja nacho hutoka ukanda namba 333,333 na kwenda ukanda namba 250,000. Kupanua safu, basi, ni kusoma data yote na kuiandika upya mahali pengine ndani ya diski zilezile, huku watumiaji wakiendelea kufungua mafaili yao.

Hatari ya kazi hii iko mwanzoni kabisa. Ukanda mpya namba 0 unahitaji vipande 0 hadi 3, ambavyo katika mpango wa zamani vimekaa katika ukanda namba 0 na namba 1, na kuuandika kunafuta nakala ya zamani iliyo papo hapo. Umeme ukikatika katikati ya uandishi huo, sehemu hiyo ya diski haisomeki kwa kanuni ya zamani wala kwa kanuni mpya. Baada ya kanda chache hatari hiyo hutoweka, kwani data iliyokuwa katika kila ukanda unaofutwa huwa imekwisha kuandikwa salama katika ukanda mpya uliotangulia, na pengo kati ya mahali pa kusoma na mahali pa kuandika huzidi kupanuka. Kerneli ya Linux, ambayo tangu toleo la 2.6.17 la mwaka 2006 inaweza kupanua daraja la 5 likiwa kazini, husaidiwa na programu ya mdadm iliyoandikwa na Neil Brown, ambayo huhifadhi kando nakala ya sehemu hiyo ya mwanzo. Baadaye ilipatikana njia ya ustadi zaidi, ya kuacha nafasi tupu kwenye kichwa cha kila diski ili kanda mpya ziandikwe humo bila kugusa za zamani. Mabadiliko yasiyoongeza diski, kwa mfano ya ukubwa wa vipande pekee, ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa pengo halipanuki hata kidogo na, pasipo nafasi tupu ya namna hiyo, nakala ya kando huhitajika tangu mwanzo hadi mwisho.

Yapo hata hivyo mabadiliko ya daraja ambayo hayahamishi hata biti moja, na haya ndiyo yanayoonyesha kwamba madaraja yana undugu wa kihesabu mkubwa kuliko majina yao yanavyodokeza. Daraja la 1 ni lile la diski mbili zenye data ileile. Daraja la 5 lenye diski mbili tu huwa na kipande kimoja cha data na kimoja cha pariti katika kila ukanda, na pariti ya biti moja ni biti ileile. Kwa hiyo yaliyoandikwa katika safu hizo mbili hayatofautiani, na Linux hubadili jina la daraja papo hapo, kisha ndipo diski ya tatu inapoingizwa. Kutoka daraja la 5 kwenda la 6 pia kunawezekana bila kuhamisha data, kwa kukokotoa pariti ya pili, inayotumia hisabati ya misimbo ya Reed na Solomon ya mwaka 1960, na kuiweka yote katika diski mpya, ingawa diski hiyo itaguswa kila mara data inapoandikwa hadi mpango mzima utakapopangwa upya.

Muda nao hauna huruma. Diski ya terabaiti 4 inayosoma megabaiti 150 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa saba kusomwa mara moja, na upangaji upya husoma na kuandika katika diski zilezile huku ukipisha watumiaji, hivyo siku kadhaa si ajabu. Kwa muda wote huo safu ya daraja la 5 huhimili kufa kwa diski moja tu. Ndiyo sababu mafundi waangalifu huikagua safu nzima kabla ya kuanza na kuwa na nakala rudufu nje yake, kwani RAID hufuta faili lililoamriwa kufutwa kwa uaminifu uleule inaoutumia kulitunza.

Njia nyingine ni kuacha hesabu na kutumia orodha. Mfumo wa AutoRAID wa Hewlett-Packard, ulioelezwa na watafiti wake mwaka 1995, ulikuwa na jedwali la mahali pa kila kipande, ukaweza kuweka data inayoandikwa mara kwa mara katika daraja la 1 na iliyotulia katika daraja la 5, na kuhamisha kimyakimya kati ya hayo mawili. Mfumo wa faili wa ZFS, uliozaliwa Sun Microsystems, nao huandika anwani ya kila bloku, lakini kwa miaka mingi haukuruhusu diski moja iongezwe katika kundi lake la pariti, hadi toleo la OpenZFS 2.3 la Januari 2025. Katika nyongeza hiyo bloku za zamani husambazwa katika diski zote lakini hubaki na uwiano wao wa awali, tatu za data kwa moja ya pariti ikiwa diski zilikuwa nne, na data mpya pekee ndiyo huandikwa kwa uwiano wa nne kwa moja. Anayetaka nafasi yote aliyoinunua hana budi kuyaandika upya mafaili yake ya zamani.