Pesa za Sayansi Zinapofika Kijijini: Funzo la Mikoko ya Gazi

Miradi mingi ya kuwashirikisha wananchi katika sayansi hufa pamoja na pesa za mfadhili. Hulipiwa warsha, fulana, chai na nauli. Picha hupigwa, ripoti huandikwa, na mwaka ukiisha kijiji hubaki na bango lenye nembo za watu wengine. Kwale, pwani ya Kenya, kuna mradi uliokwenda kinyume na mkondo huo, na yeyote anayetoa au kuomba pesa za aina hii ana la kujifunza kwake.

Ghuba ya Gazi, huko Msambweni, imekingwa na rasi ya Chale upande wa mashariki. Ndani yake mna mikoko ya zaidi ya hekta 600. Miaka ya 1970 sehemu yake ilikatwa ili zipatikane kuni za viwandani, na mahali palipofyekwa kabisa mikoko haikurudi yenyewe. Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, akiwemo Dkt. James Kairo, walianza majaribio ya kuipanda upya pamoja na wanakijiji. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilizindua Mikoko Pamoja, mradi wa kwanza duniani wa jamii kuhifadhi mikoko kwa kuuza hewa ya ukaa iliyozuiwa kwenye miti.

Hesabu miaka iliyopita kati ya mche wa kwanza na uzinduzi huo: 22. Muda wote huo pesa zilitoka mikono tofauti. Serikali ililipa mishahara ya watafiti. Shirika la Earthwatch lilileta watu wa kujitolea waliochangia gharama na kuingia topeni kupima miti. Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier, kupitia Profesa Mark Huxham, kilichangia utafiti. Hakuna ruzuku moja ya miezi 12 ambayo ingefikisha kazi hiyo hapo. Kilichodumu ni kituo cha KMFRI pale pale Gazi, chenye watu ambao wanakijiji wanawajua kwa majina na kwa sura.

Biashara yenyewe ni rahisi kueleza. Mti huvuta hewa ya ukaa na kuhifadhi kaboni yake kwenye shina, matawi na mizizi. Mikoko ina ziada: tope lake lililolowa halina oksijeni ya kutosha, kwa hiyo majani na mizizi iliyokufa huoza polepole sana, na kaboni hukaa humo karne na karne. Kwa eneo lililo sawa, mikoko huweza kuhifadhi kaboni mara tatu hadi tano ya msitu wa nchi kavu wa ukanda wa joto. Mikoko Pamoja hulinda hekta 117 na imesajiliwa chini ya kiwango cha Plan Vivo kuuza takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Mauzo hufanywa na ACES, shirika la hisani la Scotland, kisha fedha hurudi kijijini.

Mnunuzi hanunui huruma; ananunua kipimo. Ndani ya msitu huwekwa vipande vya kudumu, kila kimoja meta 10 kwa 10. Maji yakipwa, wapimaji huingia na utepe na daftari. Mchu na mkandaa, aina mbili za mikoko, hupimwa unene wa shina kwenye kimo cha meta 1.3. Mkoko wenye mizizi ya kujishikizia haupimwi hapo. Utepe hupanda mpaka juu ya mzizi wa mwisho, la sivyo mtu atapima mizizi akidhani ni shina. Tarakimu hizo ndizo huingizwa kwenye hesabu ya uzito wa mti, na uzito ukazaa tani za kaboni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari limeshikwa pia na vijana wa kijiji wenyewe.

Wala hawakuanzia sifuri. Mkataji wa mikoko wa pwani hii kwa vizazi amepanga miti kwa unene wa shina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Watafiti wa misitu nao walipohesabu akiba ya miti Gazi walitumia madaraja hayo hayo. Mfadhili mwerevu hutafuta ujuzi wa namna hiyo kwanza, kabla ya kulipia mafunzo.

Lililoupa mradi mizizi, hata hivyo, ni mamlaka juu ya pesa. Plan Vivo inataka angalau asilimia 60 ya mapato yaende kwa jamii. Kuna kamati iliyochaguliwa na wanakijiji, na matumizi hujadiliwa hadharani. Maji safi na vitabu vya shule vimetoka humo. Mvinje umepandwa ili watu wapate kuni na miti ya kujengea bila kurudi kwenye mikoko. Mtoto anayechota maji hayo huuliza pesa zimetoka wapi, na jibu lake ni somo la sayansi ambalo warsha haiwezi kulifundisha.

Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mwaka 2019 vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vilifuata kwa mradi wao wa hekta 460.

Si kila sayansi ina cha kuuza. Utafiti wa malaria hauzai tani za kaboni. Kilifi, mpango wa utafiti wa afya wa KEMRI na Wellcome hutegemea ruzuku kuendesha mazungumzo na wawakilishi wa jamii na kuwapeleka wanafunzi wa sekondari maabara. Hilo nalo ni halali, mradi mfadhili akubali kwamba mazungumzo ni gharama ya kudumu ya utafiti, kama zilivyo dawa na darubini. Na hata Gazi tusitie chumvi: tani 3,000, zikiuzwa kwa dola 10 kila moja, ni dola 30,000 kwa vijiji viwili vyenye maelfu ya watu. Bei ya kaboni hupanda na kushuka, na mnunuzi yuko mbali.

Sheria nayo imeanza kukaza kamba. Marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanataka miradi ya kaboni kwenye ardhi ya umma na ya jamii iwe na mkataba wa maendeleo ya jamii, na ile ya ardhini itoe kila mwaka kwa jamii si chini ya asilimia 40 ya mapato baada ya kuondoa gharama.

Kwa hiyo, unayeandika ombi la ufadhili, iwe ni Diani, Msambweni au Chale, weka mambo manne kwenye bajeti kabla ya fulana. Kwanza, malipo ya wapimaji wa kijijini, si posho ya kuketi. Pili, safari ya kurudisha matokeo kwa waliopimiwa, kwa lugha yao, hata matokeo yakiwa mabaya. Tatu, fungu ambalo jamii italiamulia yenyewe. Nne, mshahara wa mtu mmoja atakayebaki pale ruzuku ikiisha. Nawe mfadhili, usiulize watu wangapi walihudhuria. Uliza ni nani anashika daftari, na ni nani anatia saini hundi. Kama majibu yote mawili yako nje ya kijiji, mradi huo ni wako, si wao.