Dawa ya saratani haiagizwi kwa simu

Na Mwandishi Wetu, Juba

Ujumbe huingia usiku kwenye kundi la WhatsApp la familia, watu wakiwa wamekwisha kula. Kuna picha ya kopo la vidonge, picha ya mwanamke anayetabasamu, na maneno machache: inatibu saratani ya titi, ya mlango wa kizazi, ya tezi dume na ya ini, haina madhara, tunafikisha hadi Juba, lipa kwa simu. Chini yake shangazi anaandika, "Mungu amejibu." Kabla hakujapambazuka michango imeanza. Ndugu wa Kampala anaahidi kupokea mzigo, mjomba aliyeko Australia anaahidi dola, na mgonjwa mwenyewe, ambaye hajaulizwa lolote, anaambiwa avumilie kidogo, dawa iko njiani.

Hakuna mwenye nia mbaya katika familia hiyo. Wanachokifanya wanakifanya kwa upendo, na ndiyo maana biashara hii inastawi.

Tusianze kwa kuwalaumu. Sudan Kusini ni miongoni mwa nchi za Afrika ambazo hazina huduma ya mionzi ya kutibu saratani. Mgonjwa anayeihitaji hana budi kuvuka mpaka. Kwa miaka mingi wengi walikwenda Khartoum, lakini vita vilivyozuka Sudan Aprili 15, 2023 viliifunga njia hiyo. Waliobaki na uwezo huelekea Nairobi, Cairo au India. Wengi zaidi hupanda basi la Nimule, wakavuka Elegu, wakapita Gulu hadi Kampala. Nauli, chumba cha kupanga, chakula cha mgonjwa na cha anayemuuguza kwa wiki kadhaa ni mzigo unaoweza kumaliza ng'ombe wa ukoo. Mbele ya hesabu hiyo, kopo linaloletwa na boda boda hadi mlangoni Gudele au Munuki linaonekana kama nafuu.

Si nafuu. Na hatari yake haiishii kwenye dawa bandia peke yake, ingawa ni vizuri tuanzie hapo.

Kopo lisilojulikana lilikotoka

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari kuhusu dawa bandia za saratani katika ukanda wetu. Dawa zilizoghushiwa zilibeba majina ya Avastin na Sutent, na ziligunduliwa Uganda, nchi ileile ambako vifurushi vingi vya Juba hupitia. Mwaka 2019 shirika hilo lilitoa tahadhari nyingine kuhusu vidonge vilivyobeba jina la Iclusig, dawa ya saratani ya damu yenye bei kubwa mno. Vilipopimwa maabara vilikutwa na paracetamol, dawa ya kutuliza maumivu inayouzwa kila kioski. Nchini Marekani, mwaka 2012, mamlaka za dawa zilitangaza kukamatwa kwa chupa za Avastin ambazo hazikuwa na dawa hata kidogo.

Ikiwa wameibiwa Wamarekani, wenye maabara na wakaguzi kila kona, mnunuzi wa Konyo Konyo anayeona picha tu kwenye simu atajuaje? WHO imewahi kueleza kwamba zaidi ya nusu ya dawa zinazonunuliwa katika tovuti zinazoficha anwani zao halisi zilikutwa kuwa bandia.

Macho hayasaidii. Mwaka 2025 jarida la kitabibu The Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliopima dawa za saratani zilizochukuliwa katika hospitali na maduka ya dawa ya Kenya, Ethiopia, Malawi na Kameruni. Takriban moja katika kila sita haikufikia kiwango. Kuna zilizokuwa na asilimia 28 tu ya dawa iliyoandikwa kwenye chupa, na nyingine zilizidi kipimo. Sehemu kubwa ya dawa hizo mbovu hazikuonyesha dosari yoyote kwa kutazamwa.

Mtu anaweza kusema: basi hospitali na simu ni mamoja. Hapana. Hospitalini yupo daktari atakayeona kwamba uvimbe haupungui, akauliza kwa nini, akabadili dawa na kuiarifu mamlaka. Muuzaji wa kwenye simu akiulizwa swali hilo, hufunga laini.

Halafu kuna joto letu. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kote kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Dawa kama trastuzumab na vincristine zinatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi kwenye mkono wa mgonjwa. Kifurushi kilichosafiri chini ya kiti cha basi, kikalala stoo isiyo na umeme, kinaweza kuwa kilianza safari kikiwa halisi na kufika kikiwa maji tu.

Hata ikiwa halisi

Sasa tuseme bahati imekuwa nzuri: dawa ni halisi, imetunzwa, na haijaisha muda. Je, mgonjwa amepona? Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa kudhani kuwa dawa na tiba ni kitu kimoja.

Saratani ya titi si ugonjwa mmoja. Kabla ya kuandika dawa, daktari huchukua kinyama kidogo kwenye uvimbe na kukipeleka maabara. Huko hupimwa kwanza kama ni saratani kweli, kwa kuwa si kila uvimbe ni saratani, kisha hupimwa ni saratani ya aina gani. Vidonge vya tamoxifen humsaidia sana mwanamke ambaye uvimbe wake unalishwa na homoni. Kwa ambaye wake haulishwi na homoni, na wanawake wa namna hiyo si wachache Afrika, vidonge hivyo havifanyi kitu dhidi ya ugonjwa. Vinamwachia madhara tu, yakiwemo hatari ya damu kuganda miguuni na mapafuni. Na kama mwanamke huyo anatumia rifampicin kwa ajili ya kifua kikuu, dawa hiyo huiteketeza tamoxifen mwilini kabla haijafanya kazi. Kopo halimwambii hayo.

Dawa nzito zaidi, zile za kuua seli za saratani, hupimwa kwa urefu na uzito wa mgonjwa. Kabla ya kila mzunguko hupimwa damu, figo na ini. Cisplatin huharibu figo isipoambatana na maji ya kutosha mwilini. Doxorubicin ina kiwango ambacho mtu hatakiwi kukipita maisha yake yote, la sivyo moyo hudhoofika. Methotrexate, ambayo wagonjwa wengine huimeza mara moja tu kwa wiki, imewahi kuua watu walioimeza kila siku kwa kukosea maelekezo.

Kuna hatari nyingine inayotuhusu sisi zaidi. Dawa hizi hushusha chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili. Katika siku hizo, homa ni dharura: mgonjwa anahitaji kufikishwa hospitali saa hiyohiyo na kuchomwa dawa kali za kuua bakteria. Lakini hapa Juba mtu akipata homa, wazo la kwanza ni malaria. Anayejitibu kwa siri atanunua dawa ya malaria duka la jirani, atalala, na huenda asiamke. Familia itasema saratani imemuua, kumbe ni kipimo cha damu ambacho hakikufanyika.

Wala hatari haimhusu mgonjwa peke yake. Mabaki ya dawa hizi hutoka kwa mkojo na matapishi kwa siku mbili hivi. Mjamzito anayefua mashuka kwa mikono mitupu, au mtoto anayeokota kidonge sakafuni, naye yumo hatarini.

Dawa za minyoo na mbegu za tunda

Wapo wasiouza dawa za hospitali kabisa. Wanachukua dawa inayojulikana kwa kazi nyingine na kuipa kazi mpya. Ivermectin ni mfano ambao Msudani Kusini anauelewa, kwa kuwa vijiji vyetu vya kando ya mito vimeigawiwa kwa miaka mingi kupambana na upofu wa mto. Kwa kazi hiyo ni dawa njema kabisa. Kwamba inaponya saratani ya binadamu, hakuna tiba iliyothibitishwa hivyo.

Fenbendazole, dawa ya minyoo ya mifugo, nayo imepata umaarufu mtandaoni. Mwaka 2021 madaktari wa Japan waliandika habari za bibi wa miaka 80 mwenye saratani ya mapafu ambaye aliimeza baada ya kusoma habari zake kwenye mitandao. Ini lake lilidhurika, na lilipata nafuu alipoiacha. Uvimbe wake haukupungua kwa dawa hiyo.

Ile inayoitwa "vitamini B17", itokanayo na mbegu za tunda la aprikoti, si vitamini. Ikifika tumboni hutoa sumu ya sayanidi. Ilijaribiwa kwa wagonjwa nchini Marekani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1982 yalionyesha kuwa haikuwaponya.

Tamaa ya tiba rahisi si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, wengine kutoka nchi jirani, walipanga foleni za magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania. Wapo walioacha dawa zao za hospitali. Tofauti ya leo ni kwamba hakuna haja ya foleni. Kikombe kinamfuata mgonjwa kitandani, na bei yake si shilingi 500.

Kinachopotea kwanza ni muda

Fedha zikiibwa hutafutwa nyingine. Muda haurudi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwafuatilia wagonjwa 281 waliochagua tiba mbadala peke yake kwa saratani ambazo zilikuwa bado zinatibika. Uwezekano wao wa kufa ulikuwa mara mbili na nusu ya wenzao waliokubali tiba ya hospitali. Kwa saratani ya titi ulizidi mara tano. Uvimbe uliokuwa saizi ya punje ya mahindi mwezi wa kwanza, ambao daktari angeukata ukaisha, baada ya makopo matatu unaweza kuwa umefika kwapani na mapafuni.

Ukanda wetu unajua kuwa saratani hutibika. Ni Kampala, katika Hospitali ya Mulago, ambako daktari Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto, ambao leo unabeba jina lake. Mwaka 1967 kilifunguliwa hapo kituo cha kuutibu, ambacho ndicho mzazi wa Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Watoto walipona kwa dawa, mojawapo cyclophosphamide. Ni dawa hiyohiyo ambayo mtu anaweza kuiona leo ikitangazwa kwenye simu. Kilichowaponya watoto wale ni dawa pamoja na kinyama kilichopimwa, damu iliyohesabiwa, na muuguzi aliyekaa karibu usiku.

La kufanya

Ukihisi uvimbe, ukitokwa damu isiyo ya kawaida au ukiwa na kidonda kisichopona, nenda hospitali kabla ya kufungua simu. Swali la kwanza si "dawa gani?" bali "ni nini?" Omba kinyama kipimwe. Hata pale mgonjwa asipoweza kusafiri, kinyama kilichohifadhiwa vizuri kinaweza kusafirishwa hadi maabara, na nauli yake ni ndogo kuliko ya mtu. Kwa wanawake, mlango wa kizazi unaweza kukaguliwa kwa siki, kipimo cha dakika chache kinachoonyesha mabadiliko kabla hayajawa saratani.

Michango ikishakusanywa, iwe ya kipimo na ya safari. Taasisi ya Saratani ya Uganda imeteuliwa kuwa kituo cha umahiri cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ilijiunga nayo mwaka 2016. Nenda na barua ya rufaa na majibu ya vipimo ili usianze upya.

Mjihadhari na muuzaji asiyedai cheti cha daktari, asiye na anwani, anayesema dawa moja inatibu saratani zote, au anayetaka fedha zote kabla. Na kama tayari umeanza kumeza, usione aibu. Mpelekee daktari kopo lenyewe na sanduku lake, mweleze umemeza kiasi gani na tangu lini. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

Serikali nazo zina deni. Sudan Kusini ina Mamlaka ya Kudhibiti Dawa na Chakula, na Jumuiya ilizindua mpango wa kuoanisha udhibiti wa dawa tangu mwaka 2012. Udhibiti huo haujakamilika ikiwa kifurushi kinapita Nimule kama sukari.

Kwa mgonjwa ambaye ugonjwa umefika mbali, pia kuna la kufanya. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993, imeonyesha kuwa morfini ya maji ya gharama nafuu inaweza kumwondolea mtu maumivu hata nyumbani kwake. Mara nyingi ndicho ambacho familia ilikuwa inakitafuta kwenye lile kopo: mpendwa wao apate usingizi. Hilo nalo liulizwe kwa daktari, waziwazi, mchana.